Kwa Muda Tu

Watu wanaolinda hifadhidata hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na mtu akiwachungulia mlangoni bila kujua ni akina nani atadhani ni wafiwa. Wanaingia mmoja mmoja, wanasalimiana kwa sauti za chini, kila mtu na mifuko yake chini ya macho, na hakuna anayecheka mpaka chai ije. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Mambo yakienda vizuri hakuna anayejua kwamba wapo, na yakienda kombo simu haziwapi nafasi hata ya kunawa uso. Wanakutana kwenye darasa la chuo kimoja cha ufundi, ghorofa ya pili, chumba chenye feni mbili ambazo moja ni ya kutazamwa tu.

Jumamosi hiyo mada ilikuwa kuongeza kasi, yaani namna ya kuinyanyua hifadhidata iliyolemaa ikatembea. Mama Seva alifika wa pili. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Makarani wa hospitali ndio waliombandika miaka kumi na mbili iliyopita, likamganda mpaka mumewe naye akawa analitumia anapotaka kumchokoza. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na uchovu wa aina ile ambayo mtu analala nayo na kuamka nayo. Aliongoza kitengo cha kompyuta cha hospitali kubwa, na kitengo chenyewe kilikuwa cha watu wawili tu, yeye na naibu wake. Kwa miezi sita sasa kilikuwa cha mtu mmoja.

Miezi sita hiyo ndiyo iliyomleta. Mgonjwa akifika dirisha la kuandikishwa anatoa kadi, karani anaingiza namba, anabonyeza, halafu wote wawili wanatazamana. Wanatazamana sekunde arobaini na moja. Ukiwa unachemsha maji sekunde arobaini na moja si kitu, lakini zizidishe kwa watu mia saba kwa siku uone. Foleni ilikuwa inatoka mlangoni, inazunguka ukuta, inafika kwenye maegesho ya magari. Wajawazito walisimama mpaka wakakaa chini. Makarani walitukanwa mpaka wakazoea. Mama Seva aliongeza kumbukumbu kwenye seva, akaizima na kuiwasha, akabadilisha nyaya, akafunga na kuomba. Arobaini na moja ikabaki palepale.

Na kila mtu alikuwa na jibu tayari. Uzito ule ulianza wiki ileile ambayo Naibu alimaliza kazi ya kuingiza majalada ya zamani. Kabla yake wagonjwa kwenye mfumo walikuwa laki moja hivi. Yeye akaingiza majalada nusu milioni ya makaratasi, miaka thelathini ya hospitali, kazi ambayo ilimchukua mwaka mzima na ikamharibia macho. Alipomaliza walimpigia makofi, na siku tatu baadaye wakaanza kumlaani. Mkurugenzi alitaka ripoti ya ukurasa mmoja yenye chanzo. Mama Seva aliiandika Ijumaa jioni kichwa kikimpasuka: chanzo ni uingizaji wa majalada uliofanywa na Naibu bila maandalizi ya kutosha. Sentensi moja. Kwa sentensi hiyo Naibu aliondolewa kwenye kompyuta na kupelekwa chumba cha chini ya jengo kulinda makabati matupu, na Jumatatu hii inayokuja kamati ya nidhamu ilikuwa ikae kuamua kama afukuzwe kabisa.

Usidhani alimchukia. Ni yeye aliyemfundisha kazi, na siku za kwanza alikuwa akimgawia chakula chake cha mchana kwa sababu yule mtu alikuwa akisahau kula. Lakini mtu aliyechoka huandika lile lililo karibu na mkono. Sasa alichotaka ni kitu kimoja, kwamba wenzake walione kosa la Naibu kwa macho yao, walitaje, lirekebishwe, ili Jumatatu aingie kwenye kamati na ushahidi mkononi na foleni iliyopona. Kwamba ushahidi huo ungemmaliza mtu, hilo alilijua, na usiku alikuwa analipa mgongo kama mtu anayegeukia upande usiouma.

Naibu naye alikuja. Alikuwa mwanachama, na ni Mama Seva mwenyewe aliyemleta miaka mitano nyuma. Mtu wa miaka thelathini na mbili, mpole hadi anakera, shati limepigwa pasi vizuri. Alimwamkia kwa heshima ileile ya siku zote, akamuuliza habari za magoti, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa karibu na ile feni mbovu. Mama Seva alimjibu akiwa anapanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kikundi hiki kina utaratibu wake. Kila mwezi mwanachama mmoja huleta mgonjwa, yaani swali moja la hifadhidata linalochelewa kujibiwa, na wenzake wanalipasua mbele ya watu. Mwenye mgonjwa huwekwa kiti pembeni, mikono mbali na kibodi, na haruhusiwi kusema neno mpaka aulizwe. Kanuni hiyo ilizaliwa baada ya miaka ya ugomvi, maana kila mwenye mgonjwa alikuwa akisimama kutetea alichoandika, na wanaume wazima walikuwa wananuniana mpaka Jumamosi nyingine. Mwenyekiti, mama wa benki mwenye sauti ya kuitisha paredi, alisema siku moja kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na tangu hapo ikawa sheria. Saa ya jikoni huwekwa mezani, dakika arobaini na tano. Mgonjwa akipona wanapiga makofi.

Humo ndani watu wanaitwa kwa kazi zao. Yupo Wa Bima, yupo Wa Mizigo, yupo Mwalimu anayefundisha palepale chuoni, na yupo Wa Maji, bwana mnene wa mamlaka ya maji ambaye ndiye hushika kibodi kwa sababu vidole vyake ni vyepesi kuliko mwili wake. Mama Seva aliwapa nakala ya hifadhidata ya hospitali. Alikuwa ametumia jioni mbili kufuta majina ya wagonjwa yote na kuweka namba, kwani siri ya mgonjwa ni siri hata mbele ya marafiki. Mengine yote yalikuwa vilevile kama yalivyo kazini. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akakunja mikono.

Wa Maji akaliendesha swali. Chumba kizima kilitazama duara dogo likizunguka ukutani. Mtu akakohoa. Wa Bima akasema kwamba yeye kama ndiye mgonjwa angekuwa ameshapona na kurudi nyumbani. Arobaini na moja. Walicheka kidogo, na Mama Seva hakucheka, maana alikuwa anaziona nyuso za pale dirishani.

Mwalimu akaomba waone mpango. Ndani ya kila hifadhidata kuna sehemu ambayo wao huiita mpangaji, kazi yake ni kuamua njia ya kupita kabla ya kuanza kutafuta. Ukimtafuta mjomba wako chumbani kwenye watu kumi, unatazama uso mmoja mmoja na yameisha. Ukimtafuta kwenye uwanja wa mpira, unakwenda kwa mwenye orodha getini. Mpangaji hahesabu watu mwenyewe kila mara. Anaamini takwimu alizoandikiwa, kwamba humu ndani mna watu kadhaa. Akiandikiwa uongo, anapanga kwa uongo, na kwa moyo mweupe kabisa.

Mpango ukatokea ukutani. Mpangaji alikuwa ameamua kusoma uso mmoja mmoja. Na pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika idadi ya wagonjwa aliyoamini kuwa wapo: elfu moja mia moja na arobaini.

Mwenyekiti akaomba wahesabiwe kweli. Wakahesabiwa. Laki sita na elfu kumi na mbili.

Hapo wachovu wote waliamka. Viti vilisogezwa mbele. Wa Mizigo alisema huyo mpangaji si mvivu, ni mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba miaka mingi anadhani mji bado ni ule. Mwenyekiti akamgeukia Mama Seva, maana sasa ilikuwa zamu ya kuuliza, akataka kujua kama takwimu zinasasishwa. Mama Seva alijibu kwa uhakika wote kwamba zinasasishwa kila usiku, kuna kazi imewekwa, na kila asubuhi anapokunywa chai anasoma ujumbe wake: imekamilika. Miaka sita hajakosa kuusoma. 

Wa Maji akageukia kibodi. Aliandika mstari mmoja, akaangalia, akaegemea nyuma kiti kikalia. Takwimu za jedwali la wagonjwa zilikuwa zimefungwa. Kazi ya usiku ilikuwa inafika kwenye lile jedwali, inakuta kufuli, inaliruka bila kumwambia mtu, inaendelea na mengine, halafu asubuhi inaandika imekamilika. Na kweli ilikuwa imekamilika, kwa yote ambayo haikukatazwa. Majalada ya Naibu hayakuwa na kosa lolote. Yaliingia salama nusu milioni kwenye nyumba ambayo mpangaji aliamini ina watu elfu moja.

Kisha Wa Maji akafungua maelezo ya ile kufuli. Iliwekwa miaka sita iliyopita, siku ya Jumamosi, kwa akaunti iitwayo mkuu. Chini yake aliyeiweka aliacha maneno machache, kama wanavyofundishwa wote kuacha. Yakaonekana ukutani makubwa, mtu wa nyuma kabisa aliyasoma bila miwani.

"Nimefunga kwa muda tu. Nitafungua Jumatatu."

Mama Seva aliyatambua kabla hajayamaliza. Yalirudi yote pamoja: ile Jumamosi walipohamia mfumo mpya, takwimu zikibadilika kila saa na mpangaji akichanganyikiwa, na yeye akafunga ili angalau mwisho wa juma upite kwa amani. Jumatatu yenyewe hakuiona kazini. Alfajiri yake mama yake mzazi alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na wiki tatu Mama Seva alilala kwenye kiti cha plastiki wodini, mpaka walipomzika. Aliporudi kazini alikuta foleni fupi, makarani wametulia, kila kitu kinakwenda. Hakuna aliyemkumbusha kufuli, maana hakuna mwingine aliyejua kwamba ipo.

Mwenyekiti akauliza swali ambalo huulizwa kila mara, si kwa ubaya, ni kwa ajili ya kumbukumbu za kikao.

"Hii akaunti ya mkuu ni ya nani?"

Sasa sikiliza. Akaunti ile ilikuwa ya watu wawili. Aliitumia yeye na aliitumia bosi wake wa zamani, mzee aliyeanzisha kitengo, ambaye alifariki miaka minne iliyopita. Nusu ya waliokuwemo humo walikwenda kumzika. Angesema ni ya marehemu, na usingekuwa hata uongo mzima. Wangetikisa vichwa, wangesema Mungu amrehemu, wangefungua kufuli, wangepiga makofi. Marehemu asingefukuzwa kazi. Naibu angesamehewa na yeye angebaki Mama Seva. Njia ilikuwa wazi na imefagiliwa, na Mama Seva alikuwa amechoka, Mungu wangu alikuwa amechoka, na njia iliyofagiliwa ndiyo anayoitafuta aliyechoka.

Na angeipita, mimi siapi kwamba asingeipita. Lakini aliinua macho akamwona Naibu. Hakuwa anatazama ukutani. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, kichwa kimeinama kidogo, na Mama Seva akakumbuka ni lini alimwona ameinama vile. Ilikuwa kwenye mlango wa ofisi, wiki moja kabla ya majalada kuingizwa. Naibu alikuwa amesimama na karatasi akamuuliza kwa adabu zake zile, mbona takwimu za wagonjwa zinaonekana za zamani, je, asizisasishe kwanza kabla ya kuingiza? Naye alikuwa na simu sikioni, fundi wa jenereta upande wa pili, na chai imepoa. Alimjibu bila kumtazama. Alimwambia asiguse asichokijua, kile kimewekwa kwa sababu. Naibu akainamisha kichwa, akasema sawa mama, akaondoka.

Alikuwa amelisahau lile. Alilisahau kabisa hata alipokuwa anaandika kwamba hakukuwa na maandalizi ya kutosha.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mama Seva yeye alisimama, magoti yakalia, watu wote wakamsikia.

"Akaunti ni yetu wawili, mimi na marehemu. Lakini kufuli ni yangu. Maneno hayo niliyaandika mimi."

Mwenyekiti alinyanyua mkono kama anayetaka kusema basi, imetosha kwa kumbukumbu. Mama Seva hakukaa.

"Haijatosha. Kuna mtu alikuja kuniuliza kuhusu takwimu hizi kabla mambo hayajaharibika. Nikamkatalia kwa sababu nilikuwa na haraka. Halafu yalipoharibika nikaandika kwamba kosa ni lake. Yuko hapa nyuma. Jumatatu wanataka kumfukuza kwa ripoti yangu."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Naibu; adabu hiyo walikuwa nayo. Feni nzima ikaendelea kuzunguka. Wa Maji, ambaye hakujua mikono yake aiweke wapi, akairudisha kwenye kibodi. Akaandika mstari wa kufungua kufuli na mstari wa kusasisha takwimu. Ikachukua dakika nne. Kisha akaliendesha swali lilelile, na jibu likawa ukutani kabla hajainua kidole. Miezi sita ya foleni, mistari miwili. Saa ya jikoni ilikuwa bado ina dakika kumi na tisa. Mgonjwa alikuwa amepona na hakuna aliyepiga makofi.

Chai ilipokuja Mama Seva hakuinywa. Alitoka kwenye ngazi, akakaa kwenye kidato cha juu kabisa, akatoa simu, akamwandikia Mkurugenzi. Aliandika kwamba ripoti yake ya mwezi wa tatu si ya kweli, chanzo ni yeye mwenyewe, ushahidi upo, na anaomba mbele ya kamati asimame yeye badala ya Naibu. Alisoma mara mbili, akaona ameweka maneno "kwa bahati mbaya" katikati, akayafuta, akatuma. Jibu lilirudi upesi kuliko alivyotarajia. Mkurugenzi aliandika kwamba wataongea Jumatatu.

Naibu alikuja na vikombe viwili, akampa kimoja, akakaa kidato cha chini yake. Kisha Mama Seva akasema lile la kusemwa, kwamba aliulizwa na akakataa, kwamba alisahau, kwamba kusahau hakumpunguzii kitu. Alimwomba radhi kwa neno lenyewe, nisamehe, bila kulizungusha. Naibu alisikiliza mpaka mwisho akipuliza chai ambayo haikuwa ya moto.

Akamwambia kwamba alishaandika barua ya kuacha kazi. Wa Maji alikuwa amemtafutia nafasi kwao, anaanza mwezi ujao. Alisema kwa upole uleule, na Mama Seva angependa mara mia amtukane. Akamwuliza kama angebadilisha mawazo, sasa ukweli umejulikana. Naibu akatikisa kichwa. Alisema amechoka. Alisema makabati matupu yamemfundisha kwamba mtu anaweza kuchoka hata kwa kutofanya kazi.

"Nina ombi moja tu, mama," akasema. "Mama yangu ana kliniki pale hospitali Jumatatu. Kila mwezi anakaa kwenye lile benchi la kusubiria, na kila mwezi anasikia watu wanasema kuna kijana ameharibu kompyuta. Hajasema kwamba ni mwanawe. Anainamisha kichwa tu. Mimi hajaniambia, dada yangu ndiye aliyeniambia."

Mama Seva aliuliza anachotaka afanye.

"Mwambie ulivyowaambia hawa."

Jioni mumewe alimwona anazunguka nyumba bila kushika kitu, akamtania kwamba leo Mama Seva amezimika. Naye akamweleza yote wakiwa wamesimama jikoni. Mumewe hakutania tena. Alimwambia aketi, akamkanda magoti kwa mafuta, na baadaye akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye watamfukuza. Alijibu kwamba hajui, na kwamba ajabu ni kuwa usingizi unamjia. Jumapili alikwenda kazini peke yake, akaandika ile mistari miwili kwenye seva yenyewe.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa amesimama ndani ya dirisha la kuandikishwa, nyuma ya karani. Kamati ilikuwa saa nne. Karani alikuwa anabonyeza na jibu linakuja, anabonyeza na linakuja, na kila mara anageuka kumtazama Mama Seva kama anayeogopa kwamba kuna mtego. Watu wa foleni walikuwa wamejiandaa kwa kukaa. Wamekuja na magazeti, na vitambaa vya kudarizi, na watoto wenye vitu vyao vya kuchezea. Ikabidi mlinzi awahimize wasogee, watu wanashindwa kuamini. Saa mbili kasoro foleni ilikuwa imerudi ndani ya mlango, kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwanzo wa mwaka.

Mama Seva alimtambua mama wa Naibu kwa upole wa uso. Mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, kadi ya kliniki ameishika kwa mikono miwili. Aliitoa dirishani, na hapohapo, bila kungoja, akageuka aende zake kwenye benchi kama alivyozoea. Karani akamwita. Alikuwa tayari, aende chumba namba tano. Bibi alirudi akasimama, akaitazama kadi, akamtazama karani.

"Tayari?"

"Tayari, bibi."

Akabaki pale na kadi yake, hajui aelekee wapi, mtu aliyejipangia kusubiri na kusubiri kwenyewe kumeondolewa. Mama Seva akatoka kwa mlango wa pembeni. Watu kama ishirini walikuwa wanasikia, na alikuwa ameamua tangu usiku kwamba hatanong'ona.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mkuu wa kompyuta za hapa. Kilichowachelewesha miezi yote hii nilikifanya mimi. Mwanao hakuharibu kitu. Aliniambia mapema kilicho na kasoro, sikumsikiliza, kisha nikamsingizia."

Foleni iliacha kusogea. Mtu mmoja aliguna, mwingine akasema kumbe. Mama Seva aliwaacha wamtazame. Uso ulimwaka na akauacha uwake. Bibi alimwangalia kwa muda mrefu kupitia ile miwani ya uzi, kwanza uso, kisha kadi ya kazi kifuani, kisha uso tena. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana amechoka, uchovu ambao Mama Seva aliujua vizuri, na aliyeuleta ni yeye.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Sita, mama."

Bibi akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akamshika mkono, si kwa nguvu, akaanza kumwongoza kwenye benchi refu lililo chini ya ukuta, lile ambalo leo lilikuwa tupu. Akakaa mwisho wake wa kushoto, mahali palipokuwa pamechakaa rangi, akapapasa ubao pembeni yake.

"Basi kaa hapa na mimi kidogo, mwanangu," akasema. "Uniambie tena. Nilikuwa nimeinama, sikusikia vizuri."

Mama Seva akakaa. Nyuma yao karani akaita namba inayofuata, na inayofuata, na inayofuata. Akaanza upya, tangu ile Jumamosi ya kufuli, taratibu, na safari hii bibi alikuwa ameinua kichwa.